Mizizi ya meno ya binti yangu imefupika. Je, tumvue waya?

Swali: "Assalaam aleikum daktari. Sisi ni watu wa Lamu. Binti yangu ana miaka 16 na huu ni mwezi wa 14 tangu avae waya za meno, kwa daktari wa Mombasa tunayemwendea kila baada ya wiki sita. Meno yake ya juu yalikuwa yametokeza sana, akang'olewa magego madogo mawili ili ya mbele yapate nafasi ya kurudi nyuma. Safari iliyopita alipigwa picha mpya ya taya zote, na daktari akatuambia kwamba mizizi ya meno manne ya mbele ya juu imefupika. Anataka tupumzike miezi mitatu kabla ya kuendelea. Shangazi yake anasema meno yatadondoka hata kabla hajaolewa. Jirani anasema waya zilikazwa mno, na mwingine anasema ni upungufu wa kalsiamu, nimnunulie vidonge. Mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Alipokuwa na miaka 10 aliangushwa na punda akajigonga jino moja la mbele. Sijui kama linahusiana na haya. Je, nimvue waya mara moja? Mizizi itarudi? Daktari amekosea? Ana mdogo wake wa miaka 11 ambaye meno yake pia yametokeza, na sasa naogopa kumpeleka."

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Nianze na lile ambalo nadhani ndilo linalokukosesha usingizi: meno ya binti yako hayako karibu kudondoka. Maneno ya shangazi yana asili yake, kwa sababu sote tumeona meno ya utoto yakilegea na kutoka yakiwa hayana mizizi kabisa. Jino la utoto huliwa mzizi wote na jino la ukubwani linalopanda chini yake, na hiyo ni kazi ya maumbile inayoendelea mpaka mwisho. Mzizi uliofupika kwa sababu ya waya ni jambo jingine: unafupika kwenye ncha tu, na sababu yake ikiondoka, kufupika nako husimama. Usimvue waya kwa haraka, na wala usizikatize safari za kliniki kimyakimya. Nitaeleza kwa nini.

Jambo hili si geni, wala si la waya za bei rahisi kama nisikiavyo watu wakisema hapa Malindi. Albert Ketcham, daktari wa Marekani, aliwaonyesha wenzake kwa picha za eksirei mwaka 1927 kwamba meno yaliyopangwa huweza kupoteza sehemu ya ncha za mizizi, na tangu hapo kila anayesomea kazi hii hufundishwa. Ukweli ambao wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba karibu kila jino linalosogezwa kwa waya hukwanguliwa mzizi kidogo. Kwa watu wengi kinachopotea ni kama milimita moja, pengine moja na nusu, nao humaliza matibabu wakaishi na meno yao bila kujua kwamba kuna kilichopungua. Wachache, takriban mmoja hadi watano katika kila mia, ndio hupoteza zaidi ya milimita 4 au theluthi ya mzizi. Hao ndio wanaotutia wasiwasi, na kazi ya kwanza ni kujua kama binti yako yumo miongoni mwao.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipewa magego madogo yaliyong'olewa kwa wagonjwa waliokuwa wamevaa waya wiki chache tu, tuyaangalie kwa hadubini. Kwa macho matupu mzizi ulionekana laini kama kokwa ya tende. Chini ya hadubini ulikuwa umejaa vishimo, mfano wa ukuta wa nyumba ya mawe ya Lamu uliobanduka chokaa, matumbawe yakachungulia. Mfano huo nimebaki nao, kwa sababu mzizi wa jino nao umepakwa tabaka nyembamba la saruji yake yenyewe, na ndani ya tabaka hilo ndipo ulipo mwili wa jino.

Kati ya mzizi na mfupa wa taya hakuna gundi. Kuna utando wa nyuzi wenye unene wa kama robo ya milimita, wenye mishipa ya damu na chembe hai, na jino linaning'inia humo. Waya inapolisukuma jino, upande mmoja wa utando hubanwa. Palipobanwa sana damu haipiti, na chembe za hapo hufa. Mwili hauachi mzoga ndani ya nyumba, basi hutuma chembe za usafi zije kuondoa kilichokufa na kuumega mfupa ulio mbele ya jino, ili jino lisogee. Kwa namna hiyo ndivyo meno yote yanavyopangwa, na hakuna njia nyingine. Mfupa humegeka kwa urahisi kuliko mzizi, kwa kuwa mzizi umezungukwa na chembe hai zinazoulinda. Lakini pale chembe hizo za ulinzi zilipokufa pamoja na utando, wale wasafishaji huukwangua mzizi pia.

Nguvu ya waya ikipungua, chembe za saruji hurudi na kuviziba vile vishimo, kama fundi anayerudishia chokaa ukutani. Ndiyo maana vishimo vya ubavuni mwa mzizi hupona. Ncha ni habari nyingine. Vishimo vikiizunguka ncha vikaungana, kipande cha ncha hupotea chote, na hapo hakuna ukuta uliobaki wa kupaka. Saruji mpya italainisha mahali palipokatika, lakini urefu haurudi. Kwa hiyo swali lako la kama mizizi itarudi nalijibu kwa uwazi: haitarudi. Tunachoweza kufanya ni kuzuia isipungue zaidi.

Utaona pia kwa nini vidonge vya kalsiamu havina kazi hapa. Mzizi haukuyeyuka kwa kukosa madini. Ulikwanguliwa na chembe zilizoitwa na mbano. Kama mtoto anakula samaki, maharagwe, mboga na maziwa, hela hiyo iwekeni kwa nauli ya Mombasa. Wala hili si meno kuoza: hakuna vijidudu wala sukari inayohusika, na ndiyo sababu hasikii maumivu. Kufupika kwa ncha hakuumi. Huonekana kwa eksirei peke yake.

Sasa picha yenyewe, maana hapa ndipo nionapo watu wakilia kabla ya wakati. Picha ya taya zote ni nzuri kwa kuona kila kitu kwa mara moja, lakini ni kipimo dhaifu kwa mizizi ya meno ya mbele. Mashine ile huzunguka kichwa na kuonyesha vizuri vitu vilivyo ndani ya ukanda mwembamba tu, na jino lililoegemea mbele au nyuma ncha yake hutoka nje ya ukanda huo ikaonekana fupi au yenye ukungu. Binti yako alipigwa picha ya kwanza meno yakiwa yametokeza, na ya pili yakiwa yamerudishwa. Jino lilelile limekaa kwa mlalo tofauti katika picha mbili, kwa hiyo sehemu ya ufupi unaouona huenda ni ya picha, si ya jino.

Mwombe daktari ampige picha ndogo, ile ya kuwekwa ndani ya mdomo, kwa meno manne yanayohusika. Kisha apime pamoja nanyi, kwa kulitumia taji la jino, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, kama rula. Taji halifupishwi na waya. Tuseme kwenye picha ya zamani taji ni milimita 10 na mzizi 13, na kwenye picha mpya taji ni 9 na mzizi 10. Mtu wa haraka atasema zimepotea milimita 3. Lakini taji nalo limeonekana fupi, jambo lisilowezekana isipokuwa picha imepinda. Ukirekebisha kwa kipimo cha taji, mzizi wa 10 ni sawa na kama 11.1, na kilichopotea ni chini kidogo ya milimita 2. Hesabu hii haifai kama jino lilivunjika ncha ya kutafunia siku ile ya punda, na si kipimo cha sonara. Lakini ni bora kuliko kukadiria kwa macho.

Na hata baada ya kupima vizuri, milimita za ncha hazina uzito sawa na milimita za shingoni. Umeona boriti za mkoko zilizochongwa ncha na kukitwa kwenye tope ili kufungia mashua. Ukikata inchi moja ya ile ncha chini kabisa, boriti haitikisiki, maana ncha ni nyembamba na inashika kidogo. Tope likiliwa na maji kule juu, pale boriti ni nene, ndipo inapoanza kuyumba. Mzizi wa jino ni hivyo hivyo: kupoteza milimita 3 za ncha kunalidhoofisha jino sawa na kupoteza kama milimita moja tu ya mfupa kwenye shingo yake, karibu na ufizi. Mzizi wa jino la mbele la juu una wastani wa milimita 13. Jino lenye mzizi uliobaki milimita 9 au pungufu lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuchezacheza miaka ya baadaye, na hata hilo mara nyingi hubaki mdomoni likifanya kazi, ilimradi fizi ni nzima.

Kuhusu jirani aliyesema waya zilikazwa mno: hakukosea kabisa, ila amechukua kipande cha jambo. Nguvu kubwa huongeza hatari, na muda mrefu huongeza, na safari ndefu ya ncha ya mzizi huongeza zaidi. Meno ya binti yako yalikuwa na mwendo mrefu wa kurudi nyuma, na meno manne ya mbele ya juu ndiyo yanayoathirika zaidi kuliko yote. Lakini daktari mmoja, akitumia waya za aina moja na nguvu ileile, hupata mgonjwa asiyepoteza kitu na mwingine anayepoteza theluthi. Tafiti za ndugu wa tumbo moja zimeonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa. Umbo nalo lina neno: mizizi iliyopinda kwenye ncha, au iliyochongoka mwishoni kama shingo ya mrashi, humegeka upesi. Na jino lililowahi kugongwa liko hatarini zaidi, hasa kama tangu siku ile lilianza kulika.

Hapo ndipo punda anapoingia, na nataka ulichukulie kwa uzito zaidi ya ulivyoliuliza. Kuna aina nyingine ya kulika kwa mzizi ambayo haitokani na waya bali na uhai wa ndani ya jino kufa baada ya kugongwa. Hiyo haisimami kwa kupumzisha waya. Hutaka kusafishwa ndani ya mzizi na kuzibwa. Dalili zake ni jino kugeuka rangi likawa la kijivu au la kahawia, au kipele kidogo cha usaha kwenye ufizi kinachotokea na kupotea. Angalia picha pia: kama meno manne yamefupika kwa kiasi kinachokaribiana, sababu inaelekea kuwa waya. Lakini kama jino moja, lile lililogongwa, limelika kuliko yote, au limelika ubavuni, lipimwe peke yake. Daktari wa meno yeyote aliye karibu nanyi hapo Lamu anaweza kulijaribu kwa pamba iliyopozwa, ila ajue kwamba jino lililo kwenye waya wakati mwingine huchelewa kujibu baridi ilhali liko hai, asije akalitoboa kwa kipimo kimoja tu.

Ulipouliza kama daktari amekosea, nilisita, kwa sababu simsikii yeye. Nitasema hili: kufupika kwa mizizi peke yake si ushahidi wa kosa. Daktari aliyepiga picha katikati ya matibabu bila kusubiri mwisho, akakwambia alichokiona, na akapendekeza mapumziko, amefanya linalostahili. Ningependa kujua kama mlionywa mapema juu ya hatari hii, na kama aliulizwa mtoto amewahi kuanguka. Mimi mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, nilimfunga kijana mmoja waya bila kumuuliza hilo. Aliwahi kugongwa na tanga la mashua, na nilikuja kujua baada ya jino kupoteza karibu nusu ya mzizi. Tangu hapo swali hilo ndilo la kwanza kwenye karatasi yangu.

Mapumziko aliyoyapendekeza yana msingi. Imeonekana kwamba meno yaliyoanza kufupika, yakipumzishwa miezi miwili au mitatu katikati ya matibabu, hupoteza kidogo baadaye kuliko yale yanayoendelea kusukumwa mfululizo. Ule utando uliobanwa hupata damu tena na saruji ikaanza kuziba. Lakini elewa maana ya kupumzika. Kutokwenda kliniki siko kupumzika. Ukibaki Lamu kwa sababu bahari imechafuka au nauli imepungua, na mtoto ana mnyororo wa mpira au springi mdomoni, vitu hivyo vinaendelea kuvuta. Mapumziko ya kweli ni pale daktari anapoweka waya iliyotulia, isiyosukuma popote, akaondoa mipira na springi zote, ndipo mkarudi nyumbani. Kama safari iliyopita hakuondoa kitu, mpigie simu kesho.

Baada ya mapumziko ipigwe picha ndogo nyingine, na hapo njia hugawanyika. Kama kilichopotea kwa kipimo cha kweli ni milimita mbili hivi, ningeendelea, kwa nguvu nyepesi na picha nyingine baada ya miezi sita. Kama ni zaidi ya theluthi ya mzizi, mimi ningekaa na familia tupunguze matarajio: nafasi iliyobaki izibwe kadiri inavyowezekana kwa kusogeza magego ya nyuma badala ya kuendelea kuvuta ya mbele, na meno yakae vizuri bila kutafuta kunyooka kwa picha za matangazo. Kumwacha na meno yaliyotokeza kidogo lakini imara ni matibabu mema. Kuzivua waya leo, bila mpango, ni chaguo la mwisho kwangu. Atabaki na mapengo ya magego yaliyong'olewa, na meno yataanza kurudi yalikotoka. Wengine watakushauri uhamie kwenye vifuniko vya plastiki vinavyovuliwa. Navyo husogeza meno kwa mbano uleule, na mizizi hufupika navyo pia, hata kama pengine kwa kiasi kidogo.

Huku nyumbani, kazi kubwa ni fizi, kwa sababu ya ile boriti. Asugue meno asubuhi na kabla ya kulala, akipitisha brashi juu na chini ya waya. Mti wa mswaki ni mzuri, lakini nyuzi zake hazifiki nyuma ya waya, basi uwe wa nyongeza. Mabuyu ya sukari ayaache mpaka waya zitoke: mbegu zake hung'oa vile vitufe vilivyogandishwa kwenye meno, na kila kitufe kinachong'oka hurefusha matibabu. Asing'ate kucha wala kufungua chupa za soda kwa meno. Waya zikishatoka, kibakizi cha kuyashika meno kisiwe kinachosukuma, na apigwe picha miezi sita hivi baadaye. Mizizi ikiendelea kupungua bila waya mdomoni, kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Usisubiri siku ya kliniki kama jino linatikisika kwa kusukumwa na ulimi, kama anaumia akitafuna, kama jino limebadilika rangi, au kama ufizi umevimba au una usaha. Kuchezacheza kidogo wakati wa matibabu ni kawaida. Kunakozidi wiki hadi wiki katika kipindi cha mapumziko si kawaida. Na kama bado una shaka na mpango wa daktari wako, kutafuta maoni ya bingwa wa pili wa kupanga meno, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, si kumtusi wa kwanza.

Huyo mdogo wa miaka 11, mpeleke akaangaliwe bila hofu. Umri wake ni mzuri, na ufupi wa mizizi ya dada yake si amri kwamba naye atapatwa. Ni habari ambayo daktari lazima aipate kabla ya kuanza, ili apige picha ndogo za mwanzo na kuzirudia baada ya miezi sita hadi tisa. Kwa yule mkubwa, ombeni nakala ya picha ya kwanza kabisa, iliyopigwa kabla ya waya, na muiweke wenyewe nyumbani pakavu. Bila hiyo, daktari yeyote mtakayemwendea atakuwa anakisia.